Fundo la Isale Kwenye Kasha la Kioo

Majina yote ninayo. Nakumbuka jina la kila mtu aliyewahi kukanyaga ua wangu, na la baba yake, na la ng'ombe wao kama walikuwa na ng'ombe. Lakini mjukuu wangu amenikataza kuyaandika. Amesema, "Bibi, andika habari, majina yaache, watu watakuja kunizomea dukani." Basi nimeyaacha. Wenyewe mkijisoma humu mtajijua, na mkinyamaza hakuna atakayewajua.

Huyo mjukuu ni binti wa mwanangu wa kwanza. Ana karakana Sakina, si mbali na barabara ya Nairobi, katikati ya fundi wa springi za magari na mama mmoja muuza mitumba. Nyuma ya karakana ndiko tunakoishi: chumba chake, chumba changu, na jiko ambalo ni langu hata kama kodi analipa yeye. Nilipoteremka kutoka kwetu mlimani kuja kukaa naye aliniambia kazi yake ni leza. Mimi nilikuwa nimesikia leza ni ya kutibia macho. Nikajua nimepata daktari, nikaanza kumwambia jinsi jicho la kushoto linavyotoa machozi. Kumbe ni mashine ya kukatia mbao nyembamba na plastiki. Mtu akitaka majina ya maharusi ya kusimamisha juu ya keki, au saa ya ukutani yenye sura ya twiga, mwanga unapita pale juu unachoma kama kiwembe cha moto, kazi imekwisha, na nyumba nzima inanuka kama mtu ameunguza kibao cha kukatia vitunguu.

Moyo wa mashine hiyo unaitwa tyubu. Ni kioo kirefu kupita mkono wangu, kinene kama kifundo cha mguu wa mtoto. Ndani ya kioo kuna kioo kingine, na ndani ya hicho kipo kingine, kama maganda ya kitunguu. Kile cha katikati kimefungiwa gesi. Cha nje yake kinapitisha maji ya kupooza, yanaingia kwa kimdomo kimoja na kutokea kwa kingine, na vimidomo vyenyewe ni vyembamba kama kalamu. Ukikohoa karibu nacho mjukuu anakutazama vibaya.

Kuna utaratibu wa kukishika, na nilifundishwa kabla sijaruhusiwa hata kufagia upande ule. "Bibi, usimshike kichwani, usimshike miguuni. Mshike kiunoni, mikono miwili, taratibu."

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mbona mimi mwenyewe hujawahi kunishika hivyo nikishuka ngazi za kanisani?"

"Wewe huagizwi kutoka China, bibi."

Hayo ndiyo maisha yetu.

Sasa, mjukuu hakuianza kazi hii peke yake. Walikuwa wawili. Walikutana chuoni, yeye Mmeru wangu na mwenzake Mchagga wa upande wa Marangu, wakatoka pale wakiwa kama sufuria na mfuniko wake. Huyu ana mikono mizuri, yule ana mdomo mzuri. Huyu anatengeneza, yule anaongea na wateja, na alikuwa anajua kuongea! Mtu aliingia kuuliza choo kiko wapi akatoka ameagiza saa ya twiga. Jikoni kwangu alikuwa anaingia bila kubisha hodi. Anafunua sufuria, anasema, "Bibi, leo umepika chakula au umefua nguo? Naona maji tu." Halafu anakula sahani mbili. Mwezi wa sita baridi ilipokaza nilimvika sweta langu la kahawia, lile lenye vifungo vikubwa, na sikulidai.

Wakagombana. Wakagombana kwa sababu ya tyubu.

Ilikuwa tyubu yao ya kwanza nzuri, waliyoipata baada ya kuhangaika sana. Siku moja mchana, kazi ikiwa mezani, mwanga ukazimika. Wakafunua mashine: kioo kina ufa mwembamba kama unywele wa mvi, kuanzia katikati hadi karibu na mwisho. Gesi imekwenda. Tyubu ikishapasuka kioo cha ndani hakuna fundi wa kuirudisha. Hata mjukuu wangu, ambaye watu wanamletea tyubu kutoka Babati na Singida, hiyo haiwezi. Anatengeneza vimidomo, anabadilisha nyaya, anaziba kioo cha nje. Kioo cha ndani kikienda kimekwenda.

Mchagga akasema, "Umekaza vibano mno. Nilikuambia kioo si boliti."

Mmeru akasema, "Vibano havijaguswa tangu juzi. Wewe umeacha maji."

"Maji yapi? Ona ndoo, ona pampu inavyozunguka! Maji yanatembea!"

Na kweli yalikuwa yanatembea. Mimi mwenyewe niliyaona. Wakarushiana maneno pale mpaka fundi wa springi akaacha kugonga ili asikie vizuri. Jioni ile yule binti akakusanya vitu vyake na sweta langu akiwa amelivaa, akapanda basi kwenda kwao. Alinipita jikoni akaniambia "Bibi, kwaheri" bila kufunua sufuria. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni kubwa.

Msinielewe vibaya, mjukuu wangu hakulala njaa. Wateja waliendelea kuja, ila walikuja, wakauliza bei, wakaondoka. Mmeru wangu hawezi kumsifia mtu hata akiwa amevaa vizuri. Kilichoniuma ni jiko. Mtu ukizoea kusemwa juu ya chakula chako, ukimya unakuwa kama chakula kisicho na chumvi. Nilikuwa nikipika, naweka mfuniko, nangoja mtu aje aufunue anitukane, haji. Mjukuu anakula akiangalia simu, anasema "Asante bibi." Asante! Nilikuwa nataka binti yule arudi. Sikuwa nataka jambo lingine lolote, na mjukuu alikuwa anamtaka kuliko mimi, ila yeye ni wa kabila letu. Sisi tukishasema hapana, ndiyo inakaa tumboni hadi ioze.

Nikimtajia anasema, "Aombe radhi kwanza."

Nikauliza, "Na yeye huko anasemaje?"

"Sijui. Hatuongei."

Nilikuwa najua anasemaje. Anasema, aombe radhi kwanza.

Ikapita kama mwaka hivi. Siku moja mjukuu akaja jikoni ameshika simu kwa mbali kama ameshika panya. Akanisomea meseji. "Habari za kazi. Nina tyubu imevunjika kimdomo cha maji. Mnatengeneza?" Mnatengeneza! Binti aliyekuwa anakula sahani mbili kwangu anaandika kama benki. Kumbe naye alikwishapata kimashine chake huko Marangu, anakata mapambo ya watalii, na kuku wa mama yake aliruka juu ya mashine ikiwa wazi akatua kwenye tyubu. Hilo la kuku tulilijua baadaye. Katika meseji aliandika "ajali ndogo".

"Mjibu," nikasema.

Akaandika. Nikamwambia anisomee. "Tunatengeneza. Tuma. Karibu, mteja."

"Mteja?"

"Si ameandika kama mteja?"

Mungu nisamehe, nilicheka hadi nikakaa chini. Wasichana wawili waliokuwa wanatumia kitana kimoja.

Tyubu ikafika kwa basi. Ilikuwa ndani ya bomba la plastiki, lile nene la maji machafu, limezibwa huku na huku. Mjukuu akalizibua, akavuta polepole, na kilichoanza kutoka ni sufi ya kahawia. Sweta langu. Binti alikuwa ameiingiza tyubu kwenye mkono wa sweta, kichwa kimetokea pale ninapotoa kiganja, mwili wa sweta umezungushwa ukafungwa kwa vifungo vyake. Tyubu ilikuwa imevaa kuliko mimi.

Mjukuu akafungua kifungo kimoja kimoja. Halafu akasema, "Anarudisha vitu. Amemaliza na sisi."

Nikalinusa. "Limefuliwa," nikasema. "Na kifungo cha tatu kilichokuwa kimelegea kimeshonwa. Mtu aliyemaliza na wewe hakushonei kifungo."

"Bibi, ni sponji tu. Alikosa sponji ya kufungia."

"Haya. Ni sponji."

Akaitengeneza. Ile kazi mimi huipenda kuitazama ingawa siruhusiwi kusogea. Alikilainisha kile kisiki cha kimdomo kwa msasa laini uliolowa maji, taratibu kama mtu anayemkata mtoto kucha. Akavika kipande cha mpira wa silikoni, akazungusha gundi, akaiacha ikauke bila mtu kuigusa. Kisha ikaja sehemu yangu. Ukishajaza maji ndani ya tyubu, vipovu vya hewa hujificha kwenye pembe, na kipovu kikibaki, pale pasipo na maji pataungua na kioo kitapasuka. Kwa hiyo lazima uishike uiinamishe hivi, uiinamishe vile, mpaka kipovu kikwee kitoke kwenye kimdomo cha juu. Ni kumcheulisha mtoto, basi. Hilo nimeruhusiwa. Naikalisha mapajani, mjukuu anashika mpira wa maji, namwambia "bado, bado, huyo anakuja, huyooo," na kipovu kinatoka. Maji tunayotumia ni yale safi ya betri, siyo ya bombani. Maji yetu ya huku mnayajua. Yametupaka meno rangi ya chai wote tuliozaliwa mlimani, na mjukuu hataki tyubu zake zicheke kama mimi.

Akaiwasha kidogo kuijaribu. Rangi ya waridi ikapita ndani ya kioo toka mwisho hadi mwisho. Nzima.

"Sasa tuifunge," akasema, na uso ukamkunjamana, maana kufunga ndiko kwenye balaa.

Kutengeneza si shida. Shida ni stendi. Tumejaribu kila kitu. Tuliandika KIOO kwa wino mwekundu. Kumbe neno kioo kwa wabeba mizigo ni kama kumwambia mtoto usiguse. Walirusha. Mjukuu akachora ile picha ya glasi yenye mguu mrefu ambayo Wazungu huchora. Wakaona glasi wakajua ndani kuna kinywaji, wakalitikisa kasha sikioni wasikie kama ni chupa kubwa. Mara moja nilitoa wazo langu, nikaleta majani makavu ya mgomba kutoka nyumbani, maana mayai yangu yote nilikuwa nayafunga hivyo kwenda nayo sokoni. Tyubu ilifika Dodoma salama. Ilifika na mjusi pia. Mteja ni mama anayeogopa mijusi, alipiga simu akilia, na tangu hapo mimi na majani yangu tumewekwa kando na sponji imepewa kazi. Siwezi kubisha. Sponji haizai mijusi.

Na tyubu hii, kati ya zote, haikuwa ya kufika imevunjika. Mjukuu hakulisema, lakini niliona jinsi alivyokata sponji, akaipima, akaitupa, akakata nyingine. Tulijua wote wawili. Ikifika na ufa, Mchagga atasema, umeona, ni yule yule, anavunja halafu anasingizia wengine. Na hapo hapatakuwa na kurudi. Akatengeneza kasha la mbao. Akaniomba lile sweta.

"Si umesema ni sponji tu?"

"Bibi, lete sweta."

Nikaleta. Tukaivika vilevile ilivyokuja, mkono na vifungo, kisha sponji, kisha kasha, kisha misumari ya kukaza kwa bisibisi, isigongwe kwa nyundo.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo watu wamelisema sana.

Kwetu Umeruni, na kule Uchagani zaidi, kuna mmea wa isale. Majani marefu ya kijani, mmeuona, ndio tunaopanda kwenye mipaka ya mashamba na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu kosa ambalo mdomo hauwezi kulibeba, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Atanuna, atageukia ukuta, lakini kusamehe atasamehe, kwa sababu asiposamehe ubaya unahamia kwake. Nimeona kwa macho yangu wanaume wawili, ndugu wa tumbo moja, mmoja kashika panga, wa pili kashika jani, na panga ndilo lililowekwa chini.

Na wabeba mizigo wa stendi yetu ni kina nani? Nusu ni wana wa mlima huu, nusu ni wana wa mlima ule. Nikajiuliza: mtoto wa mama wa Kichagga, hata awe mhuni namna gani, ataurusha mzigo uliofungwa isale?

Asubuhi mjukuu alipokwenda kutafuta bajaji, nikakata jani kwenye ua wa jirani. Jina lake ninalo, na ruhusa nilimwomba baadaye. Nikalifunga fundo, nikalikaza kwenye kamba ya kasha, upande wa chini, ambapo mjukuu asingeliona haraka. Wengine wanasema nilijua litakalotokea. Niliwaza wabeba mizigo. Wakati nakaza fundo, mawazo mengine yalipita, siyakatai, lakini sikuyakaribisha kukaa.

Stendini kijana mwenye kifua kama mlango akalishika kasha kwa mkono mmoja, tayari kulitupa juu kwa mwenzake. Akaona jani. Akalishusha.

"Bi mkubwa, shikamoo. Huu mzigo wa nani?"

"Marahaba. Unakwenda Marangu."

"Kuna nini humo?"

"Si unaona?"

Akaliona tena. Akamwita mwenzake kwa sauti ya msibani. "Oya, njoo tushike wawili. Huu haurushwi."

"Kwani una nini?"

"We shika tu, una mambo ya watu."

Wakaliweka buti ya pembeni, peke yake, juu ya gunia la maharage. Mwenye gunia la vitunguu alipotaka kuweka gunia lake juu, yule kijana akamwambia, "Mzee, ukiweka hapo mimi simo." Gunia likahamishwa. Konda akaja kunong'ona, "Bibi, nani kamkosea nani?" Nikamwambia, "Mwanangu, chunga mlango wako."

Mjukuu akatoka ofisi ya vifurushi na risiti yake, akaona kasha limelala kama bibi harusi, akashangaa. "Leo wamekuwa wastaarabu?"

"Dunia inabadilika," nikasema.

Basi likaondoka. Jioni ofisi ya kule ikasema mzigo umechukuliwa. Halafu kimya. Kesho yake kimya. Mjukuu akaandika, "Mteja, umepokea?" Ikasomwa, haikujibiwa. Akaanza kuzunguka ndani ya karakana akipanga vitu vilivyokwishapangwa. "Imepasuka," akasema. "Angekuwa ameiwasha angesema. Imepasuka, na sasa anawaita watu waje waone." Nilikuwa nimeanza kuogopa mimi pia. Nilipika wali nikausahau ukaungua, na hakuna mtu aliyenisema.

Siku iliyofuata simu ikalia, mjukuu akaiweka mezani kwa sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na gundi. Sauti ilikuwa ya mzee.

"Hapo ni kwa binti wa leza, Sakina?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni baba mkubwa wa mwenzako. Tumepokea. Tulikaa jana, mimi na wadogo zangu na mama yake, maana jambo kama hili haliachiwi mtoto peke yake. Umefanya vizuri sana, mwanangu. Vijana wa siku hizi hawajui, wewe umejua. Tumekubali. Umesamehewa."

Mjukuu akatazama simu. "Nimesamehewa nini?"

"Ulichoombea radhi."

"Sijaomba radhi!"

"Ndiyo, ndiyo, tunaelewa, ni uchungu. Kunywa maji. Salamu kwa bibi."

Simu ikakatika. Mjukuu akageuka polepole. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Sijawahi kuchambua mchele kwa makini namna ile.

"Bibi."

"Naam, mke mwenzangu."

"Umefunga nini kwenye lile kasha?"

Nikamwambia. Nikamweleza habari ya wabeba mizigo, habari ya gunia la vitunguu. Akasimama pale, gundi inakauka vidoleni.

"Umeniombea msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya!"

"Tyubu imefika nzima."

"Bibi!"

"Sijasema kitu. Nasema imefika nzima."

Aliacha kuniita bibi. Akawa ananiita "mama mzazi wa baba", jina zima, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Chai yangu akaileta bila sukari akasema sukari ni mbaya kwa wazee. Akasema atakwenda mwenyewe Marangu kuwaambia wazee wale kwamba jani lile lilikuwa la wabeba mizigo na si la mtu. Nikamwambia nenda, na ukifika usalimie, na uwaambie vizuri kwamba sisi Wameru tunatumia isale kama karatasi ya kufungia maandazi. Akakaa chini. Hakwenda.

Jumamosi nilikuwa jikoni, nimetenga ndizi nyama. Mfuniko ukafunuliwa nyuma yangu.

"Bibi, hizi ndizi zimekosa nini hadi mkazichemsha hivi?"

Sikugeuka haraka, maana macho yangu, lile la kushoto hasa, lina ile shida yake ya machozi. "Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sweta langu hilo."

"Nimelivaa njia nzima lisipotee." Alikuwa amelivaa kweli, na mkononi alikuwa na jani la isale, bichi, limefungwa fundo baya kama kamba ya mbuzi.

Tukaingia karakana. Mjukuu alikuwa ameinamia mashine anafunga tyubu mpya ya mteja wa Moshono, ameishika kiunoni kwa mikono miwili, hawezi kuiacha, hawezi kukimbia. Sikupanga hivyo. Mungu alipanga.

Yule akasema, "Lile jani lako nimelipata."

"Halikuwa langu."

"Najua. Fundo ni la bibi. Wewe hata kamba ya kiatu huwezi. Wazee nimewaacha wafurahi." Akainua jani lililokuwa mkononi. "Hili ni langu."

Mjukuu akalitazama jani, kioo kikainama mikononi mwake, nikataka kupiga kelele.

"Siku ile nilichomoa pampu," akasema yule. "Kwenye ekstensheni hapakuwa na nafasi, nikachomoa pampu nikachomeka birika la umeme. Nilijua ni dakika chache. Mashine ilikuwa inakata. Nikarudisha plagi, maji ya baridi yakaingia kwenye kioo cha moto, nikasikia *ti*. Kidogo tu, *ti*. Ulipoingia maji yalikuwa yanatembea, na mimi nikakuonyesha ndoo." Akanyoosha jani. "Nilikuwa nakaribia kukuambia kila siku. Halafu likaja jani kutoka kwako, wewe ambaye huna kosa, na wazee wananipongeza kwa kukusamehe. Nilishindwa kula."

"Huyu akishindwa kula," nikasema, "basi jambo ni la kweli."

Mjukuu akauliza, bila kumtazama, "Birika la nini? Ulikuwa unachemsha maji ya nini?"

"Ya chai."

"Chai ya nani?"

Wakageuka wote wawili wakanitazama.

Nikawaambia ninavyokumbuka, chai ile ilikuwa na tangawizi nyingi mno.

Aliyeanza kucheka ni mjukuu, na alipoanza tyubu ikayumba, yule akadondosha jani akaruka akaishika upande wa pili. "Kiunoni!" mjukuu akafoka. "Si kichwani! Umesahau kila kitu huko kwa kuku wako!" "Nani kakuambia habari ya kuku?" "Baba yako mkubwa alipiga tena!" Wakaiweka mahali pake wote wawili, wakakaza vibano, kidogo tu, huyu anasema tosha, yule anasema tosha. Kupokea jani hakupokea kwa mkono. Aliliokota sakafuni baadaye, akalipangusa vumbi.

Lipo mpaka leo. Limekauka, limekuwa rangi ya sweta langu. Wamelifunga kwenye plagi ya pampu, pale kwenye ekstensheni, na tangu siku ile hakuna mkono uliowahi kuichomoa: wa mteja, wa fundi wa springi anayekuja kuomba chaji, wala wa mtu yeyote aliyezaliwa kati ya milima hii miwili.

Chai yangu wananichemshia kwa mkaa. Wanasema inachelewa, nivumilie.